Nani Anagusa Breki Zangu?

Jumapili, 9 Agosti

Leo Bibi Harusi ameshuka chini. Muda wote huu alikuwa juu ya stendi karakanani, hana tairi hata moja, kama mtu aliyeingia kuoga akaibiwa nguo. Tumemshusha mimi na Cheche, mchomeleaji wa karakana ya jirani, na alipogusa sakafu nikampigapiga boneti nikamwambia, haya mama, msimu huu tunatoka. Gari hili tulilipa jina hilo kwa sababu kila siku linapambwa na siku ya kutoka haifiki.

Safari hii lazima ifike. Klabu yetu ya madereva wa ridhaa hufungua ule uwanja wa ndege wa zamani mara moja tu kwa msimu, kabla ya mvua, na siku hiyo unaruhusiwa kulikamua gari lako kadiri roho inavyotaka bila kukutana na trafiki wala ng'ombe. Mwaka jana giaboksi ilinisaliti asubuhi ile ile. Sheria ya klabu haina huruma: ukikosa mara mbili mfululizo, nambari yako anapewa aliye kwenye foleni. Nambari yangu ni ishirini na saba na niliisubiri miaka. Tarehe 13 Septemba nisipotokea, kwaheri.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Nina gari moja la kufundishia, dada yake Bibi Harusi kabisa, aina ile ile, ila lile lina pedali ya pili ya breki upande wangu. Kutwa nimekaa kiti cha abiria, mguu juu ya pedali hiyo, nasema "taratibu, taratibu" mpaka nikilala naota nasema taratibu. Siku moja tu kwa mwaka nataka nishike usukani mimi, na asitokee mtu wa kunirudishia taratibu zangu.

Jioni mezani nikatangaza: breki nimezitengeneza kwa mkono wangu, pedi mpya, mafuta mapya, na mtu yeyote asiziguse. Baba Pacha akasema, "Sawa." Mume wangu ni fundi wa mafriji, na maneno kwake ni kama gesi, hayatoi bure. Mama, yaani mama yake, ambaye tunaishi naye tangu pacha wetu waende shule ya bweni, akauliza, "Hata mimi?" Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Jumatano, 12 Agosti

Baba Pacha, anavua viatu baada ya kazi: "Mama Pacha, mafuta ya breki umeyaangalia?"

Nikampasukia. Nilikuwa nimetoka kwa mwanafunzi aliyepanda ukingo wa barabara akidhani ni njia. "Mimi nimewahi kuja kazini kwako kukufundisha kujaza gesi? Nilisema breki zangu ni zangu!"

Akavua kiatu cha pili, akaenda kuoga. Hakurudia.

Alhamisi, 13 Agosti

Wanafunzi wawili. Mmoja hulia akiona mzunguko wa barabara. Vumbi tupu.

Jumapili, 16 Agosti

Nimemwasha Bibi Harusi mbele ya Cheche. Akaitika vizuri, ila nyuma akatoa moshi mweupe, mzito, wa kuwasha pua, kisha ukakata. Cheche akasogea na miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso, kiganja kimejaa karanga kama kawaida yake, akatafuna kwanza.

"Gasketi hiyo, Mwalimu. Hedi ya injini imeanza kunywa maji ya rejeta. Msimu huu usahau."

"Maji hayajapungua hata tone."

"Yatapungua."

Sikupenda alivyolisema. Mtu akikupa pole hukunja uso. Huyu alikuwa anatafuna.

Jumanne, 18 Agosti

Nimempigia simu katibu wa klabu kuthibitisha nafasi yangu. Nikamuuliza kama utani, hivi wa kwanza kwenye foleni ni nani?

"Si jirani yako, yule mchomeleaji. Hakukwambia?"

Hakuniambia.

Alhamisi, 20 Agosti

Mimi si mtu wa kushuku watu ovyo. Lakini kiti cha Bibi Harusi, kile cha mbio kinachokumbatia mbavu, kimesogezwa nyuma. Mimi ni mfupi, hukivuta mbele mpaka kigome. Na chini ya pedali nimekuta maganda ya karanga.

Nyumbani kwetu karanga hazipo. Mama alikatazwa na daktari kwa ajili ya tumbo lake, na Baba Pacha akapekua kabati zote akazitupa. Karanga ninazozijua mimi ziko kiganjani mwa mtu mmoja, na mtu huyo ana ufunguo wa karakana yetu kwa sababu mtungi wake wa gesi tunamhifadhia humo. Maganda nimeyatia kwenye bahasha. Sisemi kitu, naangalia tu.

Jumamosi, 22 Agosti

Kikopo cha mafuta ya breki ni cha plastiki, unaona ndani bila kufungua. Nimechukua kalamu ya wino mzito nikachora mstari pale pale mafuta yalipoishia. Tutaona.

Jumatatu, 24 Agosti

Mafuta yako juu ya mstari. Juu! Nimevua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Yako juu.

Yangekuwa chini ningesema yanavuja. Lakini mafuta hayazai. Mtu amemimina kitu humo, na kitu kinachopatikana kila mahali bila kuulizwa swali ni maji. Hili huwafundisha wanafunzi wangu siku ya kwanza: maji yakiingia kwenye mafuta ya breki unaweza kuzunguka mjini usigundue. Siku utakapokuwa kwenye kasi, ukabana, breki zikapata moto, maji yanachemka humo ndani na pedali inazama mpaka sakafuni kama umekanyaga mto wa kulalia. Kule uwanjani, mwisho wa ile njia ndefu kuna mapipa ya mchanga, na nyuma ya mapipa kuna korongo.

Anayekutolea upepo wa tairi anataka ukose siku. Anayekutilia maji kwenye breki hajali ukikosa na nyingine zote.

Jumanne, 25 Agosti

Nimefunga uzi mweusi mlangoni mwa karakana, kwa chini, ambapo mguu hauoni.

Jumatano, 26 Agosti

Umekatika.

Alhamisi, 27 Agosti

Uzi mpya. Umekatika. Mafuta juu ya mstari tena.

Cheche kanisalimia kwa furaha ya kupita kiasi. Nikamwitikia kwa kiasi.

Ijumaa, 28 Agosti

Nimeyakamua mafuta yote, nikaweka mapya. Yale yaliyotoka nimeyatia kwenye chupa ya kioo nikayaacha dirishani nione kama maji yatajitenga. Hayakujitenga. Lakini maji kwenye mafuta haya huyeyukia humo humo, kwa hiyo hilo si ushahidi wa lolote. Najua ninavyosikika. Hata hivyo si ushahidi.

Jumapili, 30 Agosti

Mawingu ya kwanza, nyuma ya mnara wa simu. Nilikuwa najaribu helmeti mbele ya kioo na Baba Pacha kakaa kitandani ananitazama kama friji lililokataa kuganda.

"Nikuambie ukweli?" akasema. "Ningefurahi gari hilo likose spea mpaka nizeeke."

Huyu ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akitoa sentensi ndefu hivyo bila kuulizwa. Nikainua kioo cha helmeti. "Kwa nini?"

"Kwa sababu pacha wana mama mmoja."

Akatoka. Maneno matamu, sikatai, nilisimama pale moyo ukiwa laini kabisa. Halafu nikavua helmeti, na akili ikarudi. Mtu anayetaka gari lisitoke anaweza kulisaidia lisitoke. Na fundi wa mafriji, kwa nia yake njema, akitaka kuniharibia gari kidogo tu, atajuaje kwamba breki haziharibiki kidogo? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nimelala karibu na kimya hicho miaka yote.

Jumanne, 1 Septemba

Mwanafunzi wa mzunguko leo hakulia. Mimi ndiye nilikuwa karibu.

Jumatano, 2 Septemba

Mama alikuwa dirishani jikoni anachagua maharage. Kwenye dirisha hilo mlango wa karakana unaonekana wote, na Mama haoni haya kuona. Nikavuta kigoda nikamsaidia kuchagua, ndiyo namna ya kumhoji.

"Mama, nikiwa kazini, mchana, nani huingia mle?"

"Mchana?" Mkono ukasimama juu ya ungo. "Mchana hakuna mtu. Aingie nani? Mchana ni joto."

Upesi mno. Nikaweka hilo akilini. "Na asubuhi?"

"Asubuhi huingia mwanangu. Wewe ukiwa unaoga."

"Anafanya nini?"

"Ningejua mimi? Anaingia na chupa ya maji, anatoka na chupa ya maji."

"Ya maji?"

"Mkwe wangu, chupa ya maji huijui?"

Nikaendelea kuchagua maharage, mabovu nikayatia kwenye mazuri, mpaka Mama akaniondolea ungo. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walishaliona hili zamani. Leo nalala chumba cha pacha, nimesema mgongo unauma.

Alhamisi, 3 Septemba

Nimenunua kufuli jipya. Ufunguo mmoja tu, na uko shingoni mwangu.

Baba Pacha alilikuta asubuhi. Nilikuwa namwangalia kupitia pazia. Alisimama pale mkono mmoja umeingia ndani ya koti, akalishika kufuli, akaliachia.

"Umebadilisha kufuli," akaniambia nilipotoka.

"Ndiyo."

Alitaka kusema kitu. Nilikiona kinafika mdomoni. "Sawa," akasema.

Cheche alilalamikia mtungi wake, nikauviringisha mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Mama naye: "Na mimi nikitaka ufagio?" Ufagio upo jikoni, Mama. Kanuna kutwa nzima. Mtu gani hununia ufagio?

Jumamosi, 5 Septemba

Mafuta yako chini ya mstari. Chini!

Jumatatu, 7 Septemba

Chini zaidi. Kufuli halijaguswa, ufunguo nimeoga nao. Sakafu kavu, magurudumu makavu, mabomba yote nimeyapitishia karatasi nyeupe na imetoka nyeupe.

Nimeshuku kwamba Cheche kachonga ufunguo. Nimeshuku kwamba Mama kapita dirishani, na dirisha lile hata paka hulifikiria mara mbili. Nimefika mahali nikajishuku mwenyewe kwamba natembea usingizini. Wanaongeza nikiwa sina kufuli, wanapunguza nikiwa nalo! Ni watu gani hawa?

Jumanne, 8 Septemba

Nimejaza mpaka kwenye mstari. Mezani Baba Pacha kauliza, "Bibi Harusi hajambo?" Yeye ambaye haulizi habari za mtu.

"Hajambo."

"Breki?"

Nikaweka kijiko chini. "Breki zina nini?"

"Nimeuliza tu."

Alhamisi, 10 Septemba

Matone machache alasiri, ya kunusisha tu udongo. Katibu kasema tusali na tuje. Moshi mweupe leo umekuwa mzito kuliko siku zote. Maji ya rejeta hayajapungua bado, kwa hiyo gasketi ya Cheche ni uongo, lakini moshi ni kweli. Unatoka wapi?

Jumamosi, 12 Septemba

Naandika usiku, mikono bado ina grisi.

Asubuhi nilimtoa Bibi Harusi kwa jaribio la mwisho kwenye ile barabara ya nyuma isiyo na watu, inayoteremka mpaka uani kwetu. Nilimkimbiza, nikabana, akashika. Nikamkimbiza, nikabana, akashika. Nikaanza kuimba. Mara ya mwisho nikiwa nashuka kuelekea nyumbani, nikaweka mguu kwenye pedali na pedali ikashuka nao. Haikukatika. Ilishuka taratibu, taratibu, mpaka sakafuni, na gari halikupunguza hata kidogo. Nikavuta breki ya mkono, nikarudisha gia, nikageuza usukani kuukwepa ukuta wa jikoni ambako nilijua Mama kakaa, nikaingia kwenye rundo la mabati ya Cheche kwa kishindo kilichotoa watu majumbani.

Sikuumia. Bampa limekunjika na bati moja limekaa juu ya boneti. Nilikuwa nimeshikilia usukani nashindwa kuuachia.

Wa kwanza kufika ni Baba Pacha. Alikuja mbio peku, na mkononi ana chupa ya maji. Nadhani hakujua kwamba kaishika. Alifungua mlango akanishika uso kwa mikono yote, chupa ikiwa katikati, inanibana shavu.

Nikaisukuma. "Umeweka nini kwenye breki zangu?"

"Umeumia?"

"Umeweka nini?"

Akaitazama chupa. Akaifungua akanipa ninuse. Ilikuwa mafuta ya breki. Mafuta yale yale, ya chapa yangu, yaliyohamishiwa kwenye chupa ya maji.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyonifokea. Niliona yamepungua, nikataka kukwambia, ukaniuliza habari za gesi. Nikasema basi. Nikawa naongeza kidogo kila asubuhi. Nilidhani ulipotoa hewa kwenye mabomba ya breki hukutoa vizuri, na sikutaka uonekane hukutoa vizuri." Hapo akapumua. "Tangu uweke kufuli sijalala, Mama Pacha. Kila ukitoka nalo nakaa kule mlangoni nasubiri sauti."

"Kwenye chupa ya maji! Mtu akinywa?"

"Ungeona kopo, ungejua."

Nikashuka garini na hasira zangu. "Unaongeza kila siku, hukujiuliza yanakwenda wapi? Si ndiyo kazi yenu mafundi wa friji! Likikosa baridi, jaza gesi, nenda nyumbani, mwezi ujao njoo ujaze tena!"

"Na wewe uliyaona yanapanda," akasema polepole. "Hukujiuliza anayeyajaza anataka nini?"

Nikatazama bati lililokaa juu ya boneti.

"Ulidhani ni nini?"

Mkono wangu ukaenda shingoni, kwenye kamba ya ufunguo. Nilimwona anaelewa. Kwanza akatazama kufuli lililoning'inia mlangoni, kisha kamba iliyo shingoni mwangu, kisha akakumbuka mgongo wangu na chumba cha pacha. Alikaa juu ya bati la Cheche kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Ulidhani nataka kukuua."

"Nilidhani unataka kuliharibu gari. Kidogo."

"Mama Pacha," akasema, "miaka yote hii nilikuwa najua unafundisha udereva kazini. Sikujua hata nyumbani umekaa na mimi mguu ukiwa juu ya breki."

Hilo lilinichoma, na linanichoma hata sasa ninavyoliandika. Ningepigwa kofi ningejua la kufanya. Nikakaa kwenye bati karibu naye nikalia kwa sauti, mbele ya Cheche, mbele ya majirani, nikasema nisamehe, nisamehe mume wangu, na yeye hakunyanyuka wala hakunishika. Alikaa tu. Baadaye sana akanipa leso yake ya kazini, inayonuka friji la mtu.

Aliyetuokoa ni Mama. Alitokea na ungo wake, akatutazama, akamtazama Bibi Harusi, akasema, "Kumbe kaharibika kiti?"

"Kiti kipi, Mama?"

"Changu."

Cheche akageukia ukutani. Ndipo tukaambiwa. Kila mchana, sisi tukiwa kazini, Mama huingia karakanani, husogeza kile kiti nyuma, hukaa kikamshika mgongo vizuri kuliko kitanda alichonunuliwa na mwanawe, na hula karanga. Karanga huzipata kwa Cheche, ambaye aliapishwa. Uzi wangu alikuwa anaukata kwa kidole cha mguu na hakujua kama ni uzi. Alidhani ni buibui.

"Daktari alisema nini, Mama?" Baba Pacha akauliza.

"Alisema nisile ndani ya nyumba," Mama akasema bila kupepesa. "Mle ni gari."

Baba Pacha ndiye aliyeanza kucheka, na mimi nikafuata, tukacheka vibaya, kama watu wanaokohoa. Halafu akanyanyuka, akakunja mikono ya shati.

"Yakipungua na nje hakuna tone," akasema, "yanavujia ndani. Kuna uwazi gani karibu na hicho kikopo?"

Nilisimama nikiwa na leso puani. Uwazi? Nyuma ya masta ya breki, ile pampu inayokaa chini ya kikopo, kuna lile bakuli kubwa jeusi la chuma linaloupa mguu nguvu. Busta. Ndani mna nafasi tupu, na bomba lake linakwenda moja kwa moja kwenye injini.

"Moshi mweupe," nikasema.

Tukaifungua masta pale pale. Ilipoachana na busta mafuta yalimwagika kama maji ya kunawa. Yalikuwepo yote: yangu, yake, ya Agosti, ya Septemba. Raba ya nyuma ya masta imeliwa. Bibi Harusi alikuwa anakunywa kimyakimya na injini inavuta moshi wake, na kila alipopungukiwa tulikuwepo wa kumjazia. Ningeachwa bila msaada ningeligundua wiki ya kwanza.

Duka la spea hufungwa Jumamosi mchana, na masta hii ilikuwa imekufa. Cheche akasema kwa sauti ndogo, "Basi, Mwalimu." Nikamgeukia. Akainua mikono. "Sikutaka nambari yako hivi. Nilisema gasketi kwa sababu nilidhani gasketi. Na foleni nilijiandikisha zamani, nikaona aibu kukwambia."

Macho yangu yakaenda kwenye gari langu la kufundishia, lililoegeshwa kivulini na ubao wake juu. Aina ile ile, mwaka mwingine, masta ile ile. Masta ambayo nimeikanyaga mara nyingi kuliko nilivyopiga hodi maishani, na haijawahi kuninyima.

"Jumatatu una wanafunzi," Baba Pacha akasema.

"Nitawapigia simu. Mmoja atafurahi."

Masta yake nikaifungua mimi, akapokea yeye, kila nati akiiweka kwenye kitambaa kwa mpangilio ilivyotoka, kama afanyavyo kwenye mafriji. Busta tukaikausha mpaka ikalia kavu. Cheche akanyoosha bampa kwa nyundo akalichomelea vishikio bila kutafuna chochote. Wakati wa kutoa hewa mimi nilikaa kwenye usukani nakanyaga, Baba Pacha kalala chini kwenye gurudumu. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Sauti yake inatoka chini ya gari, na mimi nafanya ninavyoambiwa. Jua lilikuwa halijazama tulipomaliza. Pedali ni ngumu kama jiwe.

Nikavua kamba shingoni nikampa ufunguo. Akautia mfukoni, hakusema hata sawa.

Jumapili, 13 Septemba

Mawingu chini kabisa, lakini makavu. Mkaguzi wa klabu alikanyaga pedali ya Bibi Harusi akaishikilia muda mrefu huku akinitazama usoni. Mimi namtazama mguu. Akasema, "Pita, ishirini na saba."

Sitaandika mizunguko yote. Nitaandika ule wa kwanza. Njia ndefu, injini inalia, mapipa yanakua, na kichwani sauti inasema sasa hivi, bana, sasa hivi, wewe mwanamke, na mimi nikaingoja kidogo zaidi ya ilivyotaka. Nikabana. Bibi Harusi akainamisha pua, akashika, akageuka. Nilipiga kelele ndani ya helmeti mpaka masikio yakaziba. Nikayakimbilia mapipa yale mara nyingi kadiri walivyoniruhusu, na kila mara nilipobana niliiona ile mikono iliyokuwa inapanga nati kwenye kitambaa. Baba Pacha alikuwa kwenye uzio na Mama. Mama alipunga ungo. Alikuja na ungo, jamani.

Nilivuka mstari wa mwisho na nambari yangu ni yangu.

Wakati wa kurudi nilikuwa nimechoka, mikono haina kazi. Mama kaondoka na Cheche kwenye pikapu yake, kwa sababu anazozijua wao. Nikamrushia Baba Pacha ufunguo wa gari. Nikaingia upande wa abiria. Kwenye kona ya kwanza nikauona mguu wangu wa kulia umekaza sakafu, unatafuta pedali ambayo humo haipo. Naye aliuona. Nikaunyanyua mguu, na mwenzake, nikaikunja yote miwili juu ya kiti kama mtoto. Kona ya pili niliumia kweli. Ya tatu nilikuwa nimelala.

Jumatatu, 14 Septemba

Mvua imefungulia alfajiri. Nimewapigia wanafunzi. Yule wa mzunguko kashukuru mara mbili.

Kabla ya chai nikajifunika kanga kichwani nikakimbia karakanani, kuangalia tu. Kufuli lilikuwa wazi. Ndani taa inawaka, boneti iko juu, na Baba Pacha kainama na tochi. Akashtuka, nami nikashtuka.

"Unafanya nini?" nikauliza.

"Naangalia. Na wewe?"

"Naangalia."

Akasogea kunipisha. Tukainama wote wawili. Mafuta yamekaa kwenye mstari, sawasawa, hayajapanda wala hayajashuka.

"Niongeze kidogo?" akauliza.

"Thubutu!"

Akazima tochi. Nikafunga boneti. Kwenye kiti cha Bibi Harusi kulikuwa na maganda ya karanga, mapya, na tuliyaona wote wawili. Kiti tukakiacha kilivyo, nyuma.